Mistari ya Buluu Ubavuni

Na ifahamike kwa wakazi wote wa Magomeni ya Mtwara, waliopo na watakaozaliwa, kwamba Bwana Mustafa Chilumba alikuwa na gari. Halikuwa gari la ofisi, wala la kuazima, wala la shemeji aliyeko Maskati. Lilikuwa Korola jeupe, mali yake halali, na kila asubuhi alilizunguka mikono ikiwa nyuma, kama mkuu wa shule anayekagua bweni, kabla ya kuingia na kwenda kazini. Aliingilia mlango wa abiria na kujiburuta hadi kwenye usukani, kwa sababu mlango wa dereva ulikataa kufunguka kwa nje.

Ubavuni, kila upande, gari lilikuwa na mistari miwili ya buluu, myembamba kama mshipi wa kuvulia, iliyoanzia taa za mbele ikaishia za nyuma. Nyumbani kwake wote walijua kwamba mistari hiyo ilitoka nalo Japani. Bwana Mustafa ndiye aliyewaambia, siku ile alipolileta. "Wajapani," alisema, "hawaachi ubavu mtupu."

Habari yenyewe, ambayo mkewe Nasra hakuwa nayo, ni hii. Kampuni ya kutoa mizigo bandarini aliyokuwa karani wake ilimpunguza kazini mwaka uliotangulia, meli za korosho zilipokwisha kuondoka. Alipewa kiinua mgongo, mkono wa kwaheri na kalenda. Kwa kiinua mgongo alinunua gari. Kalenda aliitundika sebuleni. Mkono wa kwaheri hakumsimulia mtu.

Tangu hapo alitoka nyumbani kila asubuhi na tai shingoni, akaenda hadi nyuma ya maghala, akavua tai, akaikunja ndani ya kisanduku cha gari, akavaa kofia ya kitambaa na kwenda kupanga foleni kituo cha teksi. Kule kulikuwa na sheria ya mwenyekiti wa madereva, Mzee Andrea: teksi ni gari lenye mistari ya buluu ubavuni, na anayefuta mistari yake amejiondoa mwenyewe, kwa kuwa wanaongoja nafasi ni wengi. Kwa hiyo Mustafa alikuwa amemwendea mchoraji wa mabango na kumwomba mistari ya aina ya pekee, minene ya kutosha kumridhisha mwenyekiti na myembamba ya kutosha kumdanganya mke.

Na kwa kuwa hata kituoni alitaka kuheshimiwa, aliwaambia madereva wenzake kwamba ofisi bado anayo, ila wakubwa wamemruhusu kutoka atakapo, na teksi ni ya kulinyoosha gari viungo tu. Wakamwita Bosi. Jina likamkaa vizuri, naye akatembea nalo mjini kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Ingeendelea hivyo hata leo, kama binti yake Hawa asingepata mchumba.

*

Jumatano ya wiki ya harusi, Mustafa alimpeleka mkewe sokoni kununua mchele. Alikuwa ameaga kwamba ofisini wamempa ruhusa, na kwa kuitilia nguvu ruhusa hiyo alikuwa amevaa tai. Alimwacha Nasra kiti cha nyuma na mafurushi ya vitenge, akaingia dukani. Aliporudi na mchukuzi wa gunia, alikuta mkewe amebanwa dirishani na mwanamke mnene mwenye kuku wanne.

"Sogea kidogo, dada, wasije wakakunyea," mwanamke alikuwa akimwambia Nasra. "Na wewe unakwenda Mikindani?"

"Hili ni gari la mume wangu," Nasra alisema.

"Basi una bahati, wewe hulipi. Mimi lazima nifike mapema. Kuku hawa ni wa harusi. Mtoto wa jirani yangu, Ismaili, anaoa huku kwenu Magomeni. Anaoa kwa bosi wa bandarini. Jumamosi tunampokea bibi harusi, na mimi ndiye ninayeongoza nyimbo."

 Mdomo wa Nasra ulibaki wazi, na kuku mmoja alikuwa akiutazama kwa makini.

Mustafa alisimama na kuhisi miguu haimo ndani ya viatu. Mwanamke huyu alimjua. Kila siku ya soko alikuwa akimpeleka Mikindani na kumsikiliza njia nzima akijaribu nyimbo zake. Mwanamke naye alimwona, akatabasamu.

"Ah, umekuja. Twende basi."

"Mama," Mustafa alisema kwa sauti ya ofisini, "umekosea gari."

Yule mwanamke alitazama kofia ambayo haikuwepo. Akatazama tai. Akainama dirishani akatazama mistari ya buluu, kisha akarudi kwenye uso na kukaa hapo muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Hatimaye akakusanya kuku wake.

"Samahani, baba," alisema. "Mmefanana mno."

*

"Mistari itoke," Nasra alisema walipofika nyumbani. Alikuwa hajakaa. Alikuwa hajavua hata viatu.

"Mama Hawa, tulia kwanza."

"Nimekalishwa na kuku, Baba Hawa. Ndani ya gari langu. Na Jumamosi huyo mwanamke atasimama mlangoni kwa kina Ismaili na kuliona gari hilihili linamleta mwanangu. Unajua wanavyoimba? Wataimba kwamba bibi harusi kaletwa kwa nauli. Wataimba mpaka Hawa azeeke."

Dada yake Nasra, Zainabu, alikuwa ameketi uani akibangua korosho kwa ajili ya wageni. Aliishi kwa kazi hiyo, na vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa mafuta ya maganda. "Wale hawasahau," alisema bila kuinua kichwa. "Mimi waliniimba kwa sababu ya godoro. Watu bado wananiuliza habari za godoro lile."

Mustafa alitoa hotuba. Alieleza kwamba rangi ya gari si chokaa ya ukutani. Alieleza kwamba juu ya rangi kuna mng'ao, na mng'ao ni kama ngozi ya mtoto, ukiukwangua haurudi, na chini yake kutu inasubiri na mdomo wazi. Alisema mistari ya Japani huchomwa kwenye tanuri. Alizungumza vizuri sana, na kama kungekuwa na kiti cha ubunge kinachogombewa pale uani, angekipata.

"Basi itoe bila kuikwangua," Nasra alisema. "Si wewe ndiye uliyesoma?"

"Shemeji," Zainabu aliuliza, "mbona unaitetea mistari kama uliizaa?"

Mustafa alicheka. Kicheko kilitoka kikavu, kikaanguka karibu na miguu yake.

Kesho yake, alipokuwa peke yake, alijaribu. Alichagua sehemu ndogo nyuma ya gurudumu, mahali ambapo macho hayafiki. Aliweka juu yake kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto mpaka mstari ukalegea, akapitisha tone la mafuta ya taa kwa ncha ya kitambaa kingine, akasugua kwa kipande cha plastiki alichokata kwenye dumu la mafuta ya kula, kwa kuwa kisu kingeacha mikwaruzo. Buluu ikaja yote kwenye kitambaa. Weupe wa chini ulikuwa mzima, haukuwa na alama hata moja.

Alikitazama kitambaa kile kwa hofu kubwa. Alikuwa ametumaini kwa moyo wake wote kwamba haitatoka. Ikitoka, kesho yake kituoni Mzee Andrea atapitisha kiganja ubavuni na kuita anayefuata kwenye orodha, na baada ya harusi hakutakuwa na mchele wa kununua wala gari la kuendea kuununua. Isipotoka, mwanawe ataimbwa. Aliosha mahali pale kwa sabuni upesi, maana mafuta ya taa yakikaa hufubaza mng'ao, akafukia kitambaa kwenye takataka, akaingia ndani.

"Haitoki," alitangaza. "Ni kama nilivyosema. Tanuri. Jumamosi tutafunika kwa maua."

Nasra alimtazama dada yake. Zainabu alitazama kopo lake la mafuta ya maganda.

*

Ijumaa Mustafa alikwenda msikitini kwa miguu. Alisali vizuri, akaomba mambo mawili yasiyowezekana kwa pamoja, akarudi taratibu katika kanzu yake safi. Kabla ya kona ya nyumbani alisikia harufu ya korosho mbichi, ile inayowasha koo.

Alipokunja kona alisimama. Mkono uliokuwa ukiweka sawa kofia ukabaki kichwani.

Zainabu alikuwa amepiga magoti kando ya gari, amejipaka majivu mikononi hadi kwenye viwiko, kwa mkono mmoja kopo, kwa mwingine brashi ya makumbi ya nazi. Alikuwa amekwisha kupaka upande mzima wa kushoto. Mistari ya buluu ilikuwa imevimba na kujikunja kama maganda ya kidonda. Hilo ndilo walilolitaka. Wasilolitaka ni kwamba mafuta hayakuishia kwenye mistari. Yalikuwa yameenea juu na chini yake, na kila yalipopita weupe ulikuwa umegeuka rangi ya chai ya mkandaa, isiyotiwa maziwa, upana wa viganja viwili, kutoka taa hadi taa.

"Yanatoa ngozi ya mkono," Zainabu alisema kwa sauti ndogo. "Nilipaka mlangoni kwangu mchwa wakakimbia, na rangi ikakimbia. Nikajua hii nayo itakimbia."

Nasra alikuwa ameshika kichwa kwa mikono yote miwili. Hawa alikuwa ameketi mkekani kizingitini, mikono yenye hina mbichi imeinuliwa juu, kama mtu aliyevamiwa na majambazi.

Mustafa alisogea. Akanyoosha kidole, akagusa.

"Baba Hawa, usiguse," Nasra alisema.

Alikuwa amekwisha gusa. Na kwa kuwa alikuwa amefadhaika, na kwa kuwa pua yake ilikuwa ikiwasha kwa harufu, alijikuna pua kwa kidole kilekile. Mafuta yale hayachagui kati ya ngozi ya mbanguaji na ya karani. Pua ya Bwana Mustafa iliwaka, ikawa nyekundu, ikaanza kukua.

"Mafuta ya nazi," Zainabu aliamuru. "Mpakeni pua. Kisha mpakeni gari."

Ndivyo walivyofanya, kwa mpangilio huo. Mafuta ya nazi yalilainisha yale ya korosho, wakayafuta kwa matambara waliyoyatupa moja kwa moja motoni. Mustafa alivua kanzu akabaki na fulana na msuli. Hakutoa hotuba. Aliagiza maji ya moto, mafuta ya taa kidogo kwenye kisosi, sabuni, plastiki ya dumu, dawa ya meno, na nepi kuukuu, kwa sababu hakuna kitambaa kilicho laini kama nepi iliyofuliwa miaka. Alipasha moto, akalainisha, akasukuma kwa plastiki akifuata mstari bila kuukata, akaosha, akasugua kwa dawa ya meno katika vijiduara vidogo. Nasra alimfuata na maji. Zainabu, aliyepigwa marufuku kugusa chochote, alibadilisha matambara kwa vidole viwili.

"Pale, baba," Hawa alielekeza kwa kiwiko. "Karibu na mlango. Bado kuna kahawia."

"Ile haitoki tena. Imeingia ndani ya rangi."

Upande wa kushoto ulibaki na kivuli cha chai, hafifu, kama kikombe kilichomwagika zamani. Walihamia kulia, ambako brashi ya Zainabu ilikuwa haijafika, na huko kazi ilikwenda vizuri. Mstari ulilegea na kuteleza. Mustafa alizama ndani ya kazi. Alianza hata kuimba chini ya pumzi, wimbo mmoja wa Mikindani. Ulibaki mlango wa dereva tu; hapo plastiki ikakwama, akalazimika kurudia na maji ya moto mpaka mstari wa mwisho ukatoka. Akasonya.

"Mpumbavu mkubwa huyu mchoraji," alisema. "Nilimwambia apitishe mara moja tu. Kapitisha mara mbili."

Tambara la Nasra lilisimama. Maji yaliendelea kuchuruzika kutoka kwenye ndoo.

"Mchoraji gani?" Nasra aliuliza. "Yule wa Japani?"

Mustafa alibaki ameinama, na plastiki mkononi. Alifungua mdomo. Maneno yote aliyokuwa nayo, yale ya tanuri na ngozi ya mtoto, yalimkimbia. Pua ilikuwa ikimdunda kama moyo wa pili.

"Ni ya teksi," alisema.

"Nini ni ya teksi?"

"Mistari. Gari. Mimi."

 Hawa aliishusha mikono yake bila kukumbuka, na hina ikagusa mkeka.

"Na ofisini?" Nasra aliuliza.

"Nilipunguzwa."

"Lini?"

"Tangu ile kalenda."

Nasra aligeuza kichwa polepole, akatazama sebuleni kupitia mlango uliokuwa wazi. Kalenda ilikuwa palepale ukutani, picha ya meli juu, mwaka uliokwisha pita chini yake. Kila siku alikuwa akiipangusa vumbi. Aliiangalia kana kwamba imemsemesha.

Hakulia. Alinawa mikono, akaingia ndani, akatoka amevaa baibui, akafungua mlango wa nyuma wa gari na kuketi palepale alipokaa siku ya kuku.

"Nipeleke," alisema.

"Wapi, Mama Hawa?"

"Kazini kwako. Nimepika chakula cha kazi hiyo mwaka mzima, nataka kuiona."

*

Kituo cha teksi kilikuwa kimejaa watu wa Ijumaa. Bwana Mustafa alifika akiwa na fulana yenye madoa ya mafuta ya taa na pua ya ukubwa wa papai dogo, na madereva waliokuwa wakicheza bao walisahau zamu ni ya nani.

"Bosi," mmoja aliuliza, "umepigana na nani huko ofisini?"

Mzee Andrea alinyanyuka. Hakuitazama pua. Alilizunguka gari mikono nyuma, taratibu, kisha akapitisha kiganja ubavuni kutoka mbele hadi nyuma. Kiganja kiliteleza.

"Umefuta," alisema.

"Mwenyekiti, kuna harusi kesho. Jumatatu narudisha."

"Sheria unaijua. Umejiondoa." Akageuka. "Lukasi, gari lako lina mistari? Sogea mbele."

Kijana aliyeitwa Lukasi, aliyekuwa akingoja tangu Mfungo, alikwisha shika funguo. Mlango wa nyuma wa Korola ukafunguka, Nasra akashuka.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, mama."

"Mimi ni mke wake. Njoo huku jua linakopiga. Inama kidogo."

Mzee Andrea, kwa mshangao wake mwenyewe, aliinama. Nasra alikuwa amekiona kitu njiani, gari lao liliposimama mbele ya duka na kujiakisi kwenye kioo chake, akadhani ni machozi machoni mwake. Gari lile lilikuwa jeupe kwa mazoea tu. Jua la Mtwara lilikuwa limekwisha kuliunguza likawa rangi ya maziwa ya jana. Lakini chini ya mistari jua halikuwa limefika. Sasa buluu ilikuwa imeondoka, na mahali pake mistari miwili ya weupe safi iling'aa kutoka taa hadi taa, imenyooka kuliko ile ya mchoraji.

"Huku mistari ni myeupe," Nasra alisema, "na upande ule iko ya kahawia. Sisi tumesugua tangu mchana, mwenyekiti. Mimi ndiye niliyetaka itoke, na mimi nakwambia haijatoka."

Mzee Andrea alikuna kidevu. Alizunguka tena. Madereva walizunguka nyuma yake, mmoja mmoja wakiinama na kunyanyuka, kama jamaa waliokuja kumtazama maiti.

"Mistari ipo," hatimaye alikubali. "Sitakataa macho yangu. Lakini mama, kuna jambo la pili. Huyu mumeo ana ofisi bandarini. Amesema mwenyewe, hapa, kila siku. Lukasi hana kitu. Mwenye ofisi akampishe mwenye shida."

Nasra aligeuka akamtazama mumewe. Wenzake nao walimtazama. Kama angeomba msaada machoni mwa mkewe asingeupata. Nasra alikuwa akingoja kama wengine, tena alikuwa na haki zaidi ya wengine.

"Sina ofisi," Mustafa alisema.

Lori la mizigo lilikuwa likipita kuelekea bandarini. Mzee Andrea aliweka kiganja sikioni. "Unasemaje?"

"Sina ofisi," Mustafa alisema kwa nguvu zake zote, na lori lilikuwa limekwisha pita. Kituo kizima kilisikia. Muuza karanga alisikia. Mtu aliyekuwa akinyolewa ng'ambo ya barabara alijigeuza kwenye kiti, kichwa kimenyolewa nusu. "Walinipunguza mwaka jana. Gari hili ndilo kazi yangu. Tai naivua nyuma ya maghala."

Hakuna aliyecheka. Lukasi alitazama funguo mkononi mwake, kisha akazitia mfukoni. Mmoja wa wacheza bao alisema kwa sauti ya chini, "Na sisi tulikuwa tunampisha mbele kwa kuwa ana haraka ya ofisi."

Mzee Andrea alirudi kwenye benchi lake akaketi. Alikuwa kama mtu anayetafuta mahali pa kuweka kitu kizito.

"Jumatatu, buluu," alisema. "Na safari hii iwe minene. Utaanzia mwisho wa foleni, nyuma ya Lukasi."

Mustafa aliitikia kwa kichwa. Alipogeuka kufungua mlango wa abiria ili ajiburute hadi kwenye usukani, alikuta kiti cha nyuma kimekwisha pata mtu. Ni yule mwanamke wa Mikindani. Mikononi alikuwa na kapu la vitunguu vya harusi, na alikuwa amefika mapema vya kutosha kusikia yote. Nasra, aliyekuwa amesimama mlangoni, alimtazama, kisha akaingia na kuketi kando yake.

Mwanamke alimwangalia Mustafa. Aliangalia fulana, akaangalia pua, akaangalia mahali ambapo Jumatano palikuwa na tai.

"Baba," aliuliza, "si wewe uliyeniambia nimekosea gari?"

Mustafa alishika usukani. Kwenye kioo cha kutazamia nyuma macho ya mkewe yalikuwa yakimngoja.

"Ndiye mimi," alisema. "Hukukosea, mama."